Tela Halibebi Roho

Wenye migahawa wa Kibondo walimtambua kwa mlio wa pikipiki yake. Ulipokuwa ukisikika kwenye kona ya soko, sahani zilifunikwa, ndoo ya kunawia ikajazwa maji, na mpishi aliyekuwa akikohoa akapelekwa nyuma ya nyumba. Alikuwa Bwana Afya wetu, na hata alipostaafu hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Mkewe naye akaitwa Mama Afya, jina ambalo baadaye liligeuka kuwa na uchungu wake, maana afya ndiyo iliyomkimbia mapema kuliko sisi wote.

Nilikuwa jirani yao. Nilipohamishiwa Kibondo kufundisha sekondari, nikitokea Singida, nilipanga vyumba viwili vilivyopakana na ua wao. Siku ya kwanza nilimsalimia nikiwa nje ya uzio. Aliitikia shikamoo yangu vizuri, kisha akaniuliza kama ninachemsha maji ya kunywa. Nikamwambia nachemsha. Akauliza, "Yanachemka, au yanapata moto tu?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kunikaribisha.

Hakuwa mtu wa maneno matamu. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Tanga, laini masikioni, lakini alichokisema ndani yake kilikuwa kigumu. Aliwahi kufunga kibanda cha mama mmoja muuza chapati kwa sababu ya inzi. Mama yule alipotengeneza chumba kipya chenye wavu madirishani, Bwana Afya akawa mteja wake wa kila asubuhi, akila kimya kwenye kiti kile kile. Nilimuuliza yule mama kama hana kinyongo naye. Akacheka. "Mwalimu, yule alinifunga kwa mdomo, akanifungua kwa tumbo lake."

Yeye alikuwa Mwislamu na mkewe alikuwa mtu wa kanisa, binti wa familia iliyokimbia Burundi akiwa mdogo, ikalima huku mpaka ikawa ya huku. Kila Jumapili Bwana Afya alimpeleka mkewe ibadani, akamsubiri nje ndani ya gari. Mvua ikinyesha au jua likiwaka, hakuondoka. Watu walidhani ni wivu. Mimi nadhani hakujua mahali pengine pa kukaa.

Kisha Mama Afya akapatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalala. Maneno yake yalirudi polepole na akili yake haikuguswa, lakini hakuweza kukaa kitako muda mrefu bila maumivu, wala hakuweza kuchuchumaa kabisa. Ndipo nilipomwona mzee yule akijifunza kupika ugali, kusuka nywele na kufua kanga. Alivifanya vyote vibaya, na hakukubali kusaidiwa. Mimi mwenyewe niliruhusiwa kuingia baada ya miezi mingi, na ni kwa sababu Mama aliniita kwa sauti mbele yake.

Kwao Mama kulikuwa Kitanga, upande wa Kasulu, kwa kaka yake mkubwa na dada zake. Alitamani kwenda. Gari lilikuwepo, dogo, la rangi ya kijivu, ambalo Bwana Afya alilinunua baada ya kustaafu na kujifunza kuliendesha akiwa na mvi. Shida ilikuwa choo. Njia nzima kutoka Kibondo mpaka Kasulu, na kule kijijini, vyoo vilikuwa vya shimo. Nyumba za wageni zilikuwa na ngazi. Kwa mwanamke asiyeweza kuchuchumaa wala kupanda ngazi, safari ile ilikuwa aibu tupu, na Mama aliona afadhali kubaki ndani akiangalia ukuta kuliko kubebwa na watu kama mtoto.

Mradi mmoja wa wageni waliokuwa wakihudumia kambi ya wakimbizi ulifungwa, wakapiga mnada vitu vyao. Watu waligombania majenereta na magodoro. Kwenye kona ya uwanja kulikuwa na tela dogo jeupe la kulala, la ekseli moja, limevimba kama yai. Ndani lilikuwa na kitanda, kabati, jiko, na nyuma ya mlango mwembamba kulikuwa na choo cha kukalia. Hakuna aliyelitaka. Bwana Afya aliingia, akafunga mlango, akakaa humo kwa muda mpaka dalali akagonga. Alipotoka alikuwa mmiliki mtarajiwa.

Fundi aliyemfungia ndoano ya kuvutia alimwonya. "Mzee, hiki kigari chako ni cha kwendea sokoni. Hii nyumba hakiiwezi."

"Kitabu cha gari kinasema kinavuta kiasi gani?"

Fundi akamsomea.

"Basi gari tusiliguse," alisema. "Tupunguze nyumba."

Akang'oa jiko, tangi kubwa la maji, kabati la juu, meza na mlango wa pili. Alibakiza kitanda, choo, na chuma cha kushikia alichokifunga ukutani kwa mikono yake. Halafu akalipeleka kwa mfanyabiashara wa maharage mwenye mzani mkubwa wa kupimia magunia. Akapima gurudumu la kulia, akapima la kushoto, akapima pua ya tela peke yake. Watu walijaa. Mfanyabiashara akauliza, "Bwana Afya, nyumba unaiuza kwa kilo?" Umati ukacheka. Yeye akainama kusoma mshale kana kwamba hakusikia, kisha akahamisha mfuko wa mchanga kutoka nyuma ya tela kuja mbele, akapima tena.

Baadaye alinieleza, kwa subira ambayo sikuwahi kumwona akiitumia kwa watu wa migahawa. Mzigo wa tela ukae juu ya ekseli na usogee mbele kidogo, ili pua iegemee gari. Isiegemee mno, gari likainua uso. Isiwe nyepesi, maana hapo ndipo hatari ilipo. "Pua ikiwa nyepesi," alisema, "mkia ndio utakaokuendesha wewe."

Alikuwa na misemo ya namna hiyo. Mingine aliitunga kwa sababu ya tela, lakini mimi niliitumia darasani kwa mambo mengine kabisa. "Usiingie mahali ambapo hujui utatokaje," alisema, na hili lilitokana na kushindwa kwake kurudi nyuma. Alikwenda kwenye uwanja wa mnada siku zisizo na mnada, akapiga rivasi mchana kutwa. Ukigeuza usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Ukichelewa kurekebisha, linakunjana na gari kama kisu cha kukunja. Watoto walikaa juu ya ukuta wakimwimbia. Alijifunza kidogo, akaona hatajifunza zaidi, akaamua kwamba ustadi wake utakuwa wa kutohitaji kurudi nyuma. Kila alipofika njia asiyoijua alisimama, akashuka, akatembea kwa miguu mpaka aone pa kugeuzia, ndipo akarudi kuendesha.

Msemo mwingine ulikuwa: "Anayekuhimiza njiani hatakuwepo hospitali." Huo aliusema malori ya kutoka Manyovu yalipompigia honi kwa nyuma. Alisogea pembeni, akayapisha yote, akaendelea na mwendo wake ule wa mtu aliyebeba mayai. Lakini mtu huyo huyo, kwenye foleni ya zahanati, hakuweza kusubiri hata watu wawili wahudumiwe bila kunung'unika kwa sauti. Subira yake yote ilikuwa barabarani.

Na ulikuwepo ule msemo uliomletea maadui. Vijana wa Kitahana walikuja kumwomba tela kwa ajili ya harusi. Walitaka bibi harusi na wasimamizi wake wapande ndani, madirisha yafunguliwe, wapunge mikono mpaka kanisani.

"Tela halibebi roho," aliwajibu.

"Lakini lina kitanda, mzee! Lina madirisha!"

"Lina kitanda cha kulalia likiwa limesimama. Likiwa linakwenda, hata mke wangu halali humo. Analala kiti cha mbele, amefungwa mkanda. Likichomoka, mnataka nimwambie nini mama wa bibi harusi?"

Walikasirika, wakasema mzee ana roho ya kutu. Siku ya harusi, alfajiri, alilivuta tela likiwa tupu mpaka kwenye uwanja wa kanisa, akalizuia magurudumu kwa mawe, akashusha miguu ya chuma ya kulisimamishia, akatandika shuka safi, akamwambia mama wa bibi harusi kwamba binti ana mahali pa kuvalia penye kioo na choo. Kisha akaenda kukaa ndani ya gari lake. Hakushuka kula pilau.

Nilisafiri nao mara kadhaa wakati wa likizo, kwa sababu Mama alitaka mwanamke mwenzake njiani. Kabla ya kuondoka, Bwana Afya alizunguka mara mbili. Alitikisa ndoano. Aliangalia minyororo miwili iliyopishana chini yake, ili ndoano ikichomoka pua isichimbe barabara. Alinituma nisimame nyuma niseme kama taa za breki zinawaka. Tulipofika Kitahana alisimama tena, akagusa vitovu vya magurudumu kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anavyompima homa mtoto. Vikiwa vya uvuguvugu tuliendelea. Kila baada ya mwendo wa kama saa moja alitafuta mahali pana, akamsaidia Mama kushuka na kuingia kwenye tela, akafunga mlango, akasimama nje mgongo wake ukiwa mlangoni. Mama alipumzika kitandani, alitumia choo chake, akatoka amepaka mafuta usoni. Sijawahi kumwona mwanamke mgonjwa akishuka kwenye chombo barabarani kwa heshima kama ile.

Nilidhani anafurahia kuendesha. Siku moja, Mama akiwa ndani ya tela, nilimwambia, "Bwana Afya, wewe ungekuwa dereva wa malori."

Alinyoosha mikono yake mbele yangu. Ilikuwa inatetemeka.

"Naogopa kila safari," alisema. "Tangu tunapotoka getini. Usimwambie."

Sikumwambia. Nilianza kumwangalia kwa jicho jingine.

Tukifika Kitanga, alisimamisha tela uwanjani kwa shemeji yake, na Mama akalala humo. Kila mara ilikuwa hivyo. Dada zake walitandika kitanda ndani ya nyumba, na asubuhi walikikuta hakijaguswa. Bwana Afya hakueleza neno. Wenyeji walikuwa wakarimu, walichinja, walicheka, walituita tule, lakini niliona wakilitazama tela lile likiwa limesimama mbele ya mlango wao, jeupe na limefungwa.

Safari ambayo siisahau, tulikuwa tunaondoka kurudi Kibondo. Wakwe walitaka kutupa magunia ya maharage. Bwana Afya alishukuru, akakataa. Akasema gari halitaweza. Tukaagana. Mama alikuwa mkimya kuliko kawaida.

Mbele kidogo kuna mteremko mrefu wenye kona chini. Bwana Afya aliingiza gia ndogo kabla hatujaanza kushuka, kama desturi yake. Tulipofika katikati, nikiwa kiti cha nyuma, nilihisi gari likivutwa kiunoni. Kushoto, kulia, kushoto tena, kila mara kwa nguvu zaidi. Niligeuka. Tela lilikuwa linatikisa mkia kama mbwa, gurudumu moja likichota changarawe za pembeni. Nilipiga kelele nisizozikumbuka.

Yeye hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani ukiwa umenyooka, hakujaribu kulifuata tela wala kulipinga. Midomo yake ilikuwa inasoma dua. Mama alikuwa ameshika mkanda wake kwa mkono mzima. Mwendo ukapungua taratibu, mkia ukatulia kidogo, ukatulia zaidi, na kabla ya kona tukawa tunakwenda kama mtu anayetembea. Akasogea pembeni, akasimama. Akashuka, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Halafu akafungua mlango wa tela.

Mwisho kabisa, nyuma ya ekseli, chini ya kitanda na mbele ya choo, yalikuwa yamepangwa magunia ya maharage, mfuko wa unga wa muhogo na mikungu ya ndizi. Yalifunikwa na blanketi la Mama.

Alirudi kwenye dirisha la mkewe. Sijawahi kumsikia akimpandishia sauti, ila siku hiyo.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ungetuua! Mwalimu wa watu yumo humu! Ulijua, ukanyamaza?"

Mama alichelewa kujibu, kama ulimi wake ulivyokuwa siku hizo. "Naenda kwetu mikono mitupu," alisema. "Narudi mikono mitupu. Kila mahali naenda kama mzigo. Walinipa kitu cha kuleta nyumbani kwangu. Ningewaambia nini?"

Bwana Afya akaenda kukaa kwenye ukingo wa mtaro, akaweka kichwa mikononi.

Nilimpigia simu kaka yake Mama. Alikuja na bodaboda, mkulima mrefu mwenye koti la mvua, ameshika kofia yake mkononi kama mtu anayekuja msibani. Alipoona tuko wazima alimshukuru Mungu kwa Kiha, kisha akamwendea shemeji yake kwenye mtaro.

"Muramu, shemeji yangu, nisamehe. Mimi ndiye niliyewaambia watoto wapakie, tulipokuwa tukiagana ndani."

"Nilikwambia gari haliwezi."

"Ego, ndiyo, uliniambia. Na mimi nikasema huyu hataki vyetu." Aliikunja kofia. "Kula kwetu unakula kidogo. Kulala kwetu hulali. Dada yangu ana nyumba ya baba yake, unamlaza kwenye bati uwanjani. Watu wananiuliza, shemeji yako Bwana Afya ameona uchafu gani kwako? Nimjibu nini mtu?"

Bwana Afya aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kibao.

"Uchafu?"

"Ndivyo tunavyoona."

Lori lilipita, likatutikisa. Nilijua alichokuwa akipigana nacho Bwana Afya, maana mwanaume hazungumzi habari za choo cha mkewe mbele ya wakwe. Na yeye, aliyezungumza vyoo vya wilaya nzima bila kupepesa, hapo alikwama. Mwishowe Mama alisema kwa Kiha kutoka dirishani, maneno machache. Sikuyaelewa yote, lakini nilisikia neno la choo na neno la mguu. Kaka yake alisimama wima. Akamtazama dada yake, akamtazama shemeji yake, akaitazama ile nyumba ndogo nyeupe kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Ni hilo tu?" alimuuliza.

"Ni hilo tu," Bwana Afya alisema.

Walipakua vyote pamoja. Bwana Afya alichagua gunia moja, wakaliweka juu ya ekseli, likasogezwa mbele kidogo, wakalifunga kwa kamba. Alimwonyesha shemeji yake: aliikandamiza nyuma ya tela kwa viganja, pua ikainuka kidogo, akasema, "Unaona? Mkifanya ile yenu ya mwanzo, hivi ndivyo pua inavyokuwa nyepesi." Shemeji alijaribu mwenyewe, akatikisa kichwa. Mkungu mmoja wa ndizi nilipewa mimi, nikaupakata mpaka Kibondo. Kabla ya kuwasha gari, Bwana Afya alichukua mfuko mdogo wa unga, akauweka juu ya mapaja ya mkewe. "Huu uubebe wewe," alimwambia. Mama aliuzungushia mkono wake mzima, akaushika njia nzima.

Nilihamishwa mwaka uliofuata, nikapelekwa Kasulu. Tuliendelea kuzungumza kwa simu, zaidi na Mama, ambaye alinieleza habari za kila mtu isipokuwa za mumewe. Jumamosi moja aliniita Kitanga. Nilipofika uwanjani kwa kaka yake nililiona gari la kijivu chini ya mwanga wa saa kumi, likiwa peke yake. Nyuma yake hapakuwa na kitu, ndoano tu iliyofungwa kitambaa.

Kwenye ubavu wa nyumba palikuwa na chumba kipya cha matofali ya kuchoma. Mlango wake ulikuwa mpana, sakafu yake ilikuwa sawa na uwanja, na ndani, nyuma ya pazia, kilikuwepo choo cha kukalia na chuma ukutani. Kaka yake alikuwa amekijenga msimu ule wa kiangazi na watoto wake. Mama alikuwa kitandani mle ndani, dada zake wamemzunguka, mmoja akimsuka, wote wakizungumza kwa wakati mmoja. Alinishika mkono, akanibusu kiganja, kisha akarudi kwenye umbea wao. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo Kibondo.

Bwana Afya nilimkuta nje, amekaa kwenye kigoda, miguu imenyooshwa, amezeeka. Alikuwa na mikono juu ya magoti na hakuna alichokuwa akifanya nayo. Nilimwamkia, nikakaa karibu naye.

"Tela umeliacha wapi?"

"Nyumbani. Safari hii halikuhitajika." Alikohoa kidogo. "Nilidhani nitafurahi. Gari lilikuwa jepesi, linakimbia lenyewe. Tulipovuka Kitahana nikasimama, nikashuka, nikaenda nyuma. Nikarudi. Mbele kidogo nikasimama tena."

"Kulikuwa na nini?"

"Hakuna. Mke wangu naye akaniuliza, unatafuta nini huko? Nikamwambia, sioni uzito."

Ndani walipasuka kicheko. Aligeuza uso kuelekea mlangoni, akasikiliza, ingawa Kiha hakukijua vizuri hata baada ya miaka yote ile. Shemeji yake mdogo akatokeza na jagi la maji ya moto na beseni, akapiga goti mbele yake ili anawe, kama mkwe anavyonaweshwa. Niliona mkono wa Bwana Afya ukinyooka kulichukua jagi ajimwagie mwenyewe. Ukasita hewani. Kisha akaurudisha, akakunja mikono ya shati, akaikinga mikono yote miwili, akasubiri amwagiwe.